Chiriku Azima Njia ya Zamani

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alimsaidia shangazi yake kufuta vumbi katika chumba cha kompyuta cha shule. Shangazi ndiye aliyekuwa fundi wa mtandao. Wiki hiyo Chiriku alifuta huku akimfikiria Kiranja tu.

Kiranja wa darasa alikuwa amemzulia mbele ya wenzao kwamba huwa ananakili hesabu za wengine. Darasa zima lilicheka. Chiriku, ambaye kwa kawaida hafungi mdomo, safari hii aliapa moyoni kumkomesha.

Nafasi ilikuja siku ya shindano la hesabu kati ya shule, lililofanyika mtandaoni. Wote wawili walikuwa kwenye timu. Kiranja alikaa kwenye kompyuta kuukuu ya dirishani, kama kawaida yake.

Chiriku aliijua vizuri kompyuta hiyo. Kila kompyuta mtandaoni huwa na anwani, kama nyumba na namba yake. Anwani za zamani hazitoshi tena, kwa hiyo Shangazi alikuwa akihamia kwenye anwani mpya polepole, huku zote mbili zikifanya kazi. Kompyuta ya dirishani ilijua za zamani tu.

Shangazi alipotoka kidogo, Chiriku alikwenda kwenye kompyuta ya fundi akazima njia ya zamani, ile ya anwani za zamani. Kiranja akaanza kubonyezabonyeza, jasho likimtoka. Chiriku aliona raha isiyo kifani.

Aliporudi kwenye kiti chake, skrini yake nayo ilikuwa imeganda. Ya jirani yake pia. Timu nzima ilikuwa nje ya shindano.

"Nani kagusa mtandao?" Shangazi aliuliza mlangoni.

Chiriku angeweza kujikausha, lakini muda ulikuwa unakwisha. "Ni mimi, Shangazi. Nilitaka kumkomesha Kiranja."

"Tovuti ya shindano bado iko kwenye anwani za zamani, mwanangu. Umejifungia nje hata wewe." Akaiwasha njia.

Timu ilirudi shindanoni, ikamaliza ya tatu. Kiranja, aliyemwona Chiriku akikokotoa maswali magumu peke yake, alimfuata akiinamisha kichwa. "Nilikuzulia. Kesho nitasema mbele ya darasa."

"Na wewe," Shangazi alimgeukia Chiriku, "utamweleza mwalimu kwa nini tumekosa ushindi. Unajua kwa nini sijaizima ile njia muda wote huu?"

"Hapana, Shangazi."

"Sijui nani bado anaipita. Mwenye hasira humwona mtu mmoja tu, kumbe anawaumiza wengi. Haya, chukua kitambaa. Anza na kompyuta ile ya dirishani."