Kioo Kisichoumiza Macho

Wenzangu mliozaliwa mlimani mkaenda kutafuta maisha kwingine, vuteni viti. Habari hii inawahusu ninyi kuliko waliobaki.

Huko Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliishi mama mmoja mjane aitwaye Magdalena. Asubuhi zake zilikuwa tulivu. Akitoka misa alimkatia ng'ombe majani, akakagua mikahawa yake chini ya migomba, kisha akakaa mlangoni na kikombe cha chai na kufungua simu. Watoto wake walikuwa ndani ya simu hiyo. Primus, mzaliwa wa kwanza, alikuwa na duka la simu Dar es Salaam. Flavia, mdogo wake, alikuwa ameolewa Mwanza. Kila siku walituma salamu na picha kwenye kundi la familia, naye mama akawa anacheka peke yake akiwatazama wajukuu wenye mapengo.

Kisha picha zikaanza kumsumbua. Pembeni ziliingia ukungu, na kila alipokaza macho kichwa kilimgonga. Akatuma sauti kwenye kundi: "Wanangu, hii simu inaniumiza macho. Sijui kioo chake kina nini."

Balaa lilianzia hapo, na lilianza kwa upendo. Primus ni mtu wa simu, kwa hiyo alisikia neno "kioo" tu, neno "macho" likampita. "Mama, punguza mwangaza," akaandika. Flavia akasema aweke ile rangi ya njano ya usiku. Mabinamu nao wakaamka. Mmoja alilaumu mwanga wa bluu, mwingine akasema vioo vya siku hizi vinawaka na kuzima kwa kasi ambayo mtu haioni, mwingine akataka maandishi yakuzwe. Kundi halikuwahi kuchangamka namna ile tangu msiba wa baba yake Primus. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama macho yanauma pia simu ikiwa mezani.

Na yalikuwa yanasumbua. Magdalena alianza kugonga bega kwenye nguzo ya banda la ng'ombe, nguzo aliyoipita tangu akiwa bibi harusi. Aliwakanyaga vifaranga. Aliacha kahawa mbivu kwenye matawi, kwa sababu mpaka ageuze shingo ndipo aione. Alijiambia kuwa simu imeyachosha macho, yakipata kioo kizuri yatarudi. Moyoni aliogopa, na mtu mwenye hofu huamini haraka kile kinachomfariji.

Desturi yetu ya Desemba mnaijua. Magari yanapanda mlima kutoka kila pembe ya nchi, na kila mtoto anataka jirani aone alichomletea mama. Krismasi ya kwanza Primus alikuja na simu mpya yenye kioo kikubwa. Krismasi iliyofuata Flavia hakukubali kupitwa, akaleta kishikwambi kipana kama sinia, amekipitisha kwa fundi wa Majengo, pale Moshi mjini, akibandike karatasi ya kuzuia mng'ao. "Aika, wanangu," mama alishukuru. Akakitazama mbele ya watu, akasema kina nafuu. Hakikuwa na nafuu yoyote.

Siku hiyo hiyo, mbuzi akiwa tayari amechinjwa, ukafika wakati wa mama kumnywesha mzaliwa wake wa kwanza mbege kwa mkono wake. Primus akashika kata. Mama akainua mtungi, akamimina, na pombe yote ikaenda kwenye viatu vya Primus.

"Mama ameshaonja jikoni huyu!" mtu akapiga kelele, na ua mzima ukaangua kicheko. Flavia alikuwa anarekodi. Dakika hiyo hiyo video ikaingia kwenye kundi. Magdalena naye alicheka, kisha akazunguka nyuma ya jiko, akajifuta uso kwa kanga. Hebu niwaulize, watu wote wale wenye shule zao, walikuwa wanatazama nini?

Doris, jirani yake wa siku nyingi, ndiye peke yake ambaye hakucheka. Sikukuu zilipopita na magari kushuka, alimfuata nyumbani.

"Mama Primus, mbona siku hizi unageuza shingo kama kuku anayetafuta punje? Padri ametangaza wataalamu wa macho wanakuja zahanati Jumamosi. Twende wote."

"Ngoja nimwambie kwanza Primus," Magdalena akajibu, maana tangu awe mjane hakuamua jambo bila mwanaye mkubwa.

Primus alipopigiwa alikaribia kukasirika. "Mama, ukapange foleni ya bure? Watu wa hapo watasema nini? Kwamba mama yake Primus hana wa kumtibu? Watakupa miwani ya plastiki tu hao. Subiri. Kuna simu nimekuagizia, kioo chake ni kama karatasi ya daftari, hakimchoshi mtu hata akitazama kutwa. Nakuja nayo mwenyewe Desemba."

"Na macho, mwanangu?"

"Macho yatatulia yakipata kioo kizuri, mama."

Mama naye aliogopa midomo ya watu, tusimtwishe Primus peke yake. Jumamosi alimwambia Doris kuwa mwanaye ameshashughulikia. Doris akaenda mwenyewe, akarudi na miwani. "Wanapima hata presha ya macho," alisema. Magdalena akainama, akaendelea kumenya ndizi za mtori.

Mwaka ule dunia yake ilizidi kubana, mpaka akawa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bua la jani la mpapai. Misa akaacha kwenda peke yake. Picha za kundi akaacha kuzijibu. "Mama amekuwa mvivu wa simu," wakaandikiana. Katikati ya mwaka Flavia alijifungua mtoto wa kike, na kwa utaratibu wa kwetu akampa jina la mama yake, Magdalena. Kuanzia hapo bibi akawa na ombi moja katika sala zake: amwone wajina wake. Hakuomba zaidi ya hapo. Kila jioni aliuliza Desemba imebakiza siku ngapi, na hakumwambia mtu kwamba hata lile tundu la bua linaziba.

Desemba ikafika. Flavia alishindwa kusafiri na kichanga, lakini Primus alipanda na boksi lake. Mchana wa Krismasi, watu wamejaa uani, akampigia dada yake kwa video, akamwekea mama simu mpya mikononi. Kwenye kioo Flavia alikuwa amemwinua mtoto.

"Haya mama, sema ukweli. Hiki nacho kinaumiza?"

Magdalena akaisogeza simu karibu na uso. Akageuza shingo kushoto, akageuza kulia. Uso wake ukakunjuka.

"Hakiumizi," alisema. "Hiki ni kizuri, mwanangu. Hakiumizi hata kidogo."

Watu wakapiga makofi. Primus akatazama pande zote kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Sasa kiwashe basi," mama akasema, "nimwone wajina wangu."

Makofi yakakatika. Ndani ya simu sauti ya Flavia ikaita, "Mama, huyu hapa! Mbona humwangalii?"

Sikukuu ikaishia pale. Hospitali walifika Moshi mjini siku iliyofuata. Daktari, binti wa rika la Flavia, alimpima taratibu kisha akasema ni presha ya macho, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umekufa kwenye macho yote mawili.

"Mfanyie upasuaji," Primus akasema. "Chochote kinachohitajika, daktari."

"Upasuaji na dawa za matone hulinda kile kilichobaki, kaka. Mama hajabakiwa na kitu."

"Kumbe zile simu ndizo zilizomharibu macho?"

"Simu hazikumfanya hivi. Alipoanza kulalamika mngemleta, pengine leo angekuona."

Magdalena alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Aliuliza jambo moja tu: "Primus, mtoto amefanana na nani?"

Primus akatoa simu mfukoni atafute picha. Hakujua. Hakuwahi kumtazama vizuri yule mtoto, alikuwa anatazama kioo.

Leo Magdalena hukaa mlangoni pake, na kahawa huanguka chini bila mchumaji. Dar amekataa kwenda, anasema hapa angalau miguu inapajua. Doris humshika mkono kwenda misa. Daktari aliwaonya Primus na Flavia kwamba ugonjwa huu hufuata ukoo, wapime mapema. Flavia anasema mtoto akikua kidogo atakwenda. Primus anasema macho yake huchoka jioni, na amenunua miwani ya kuzuia mwanga wa simu.

FUNZO

Mzazi akikuambia anaumwa, mpeleke kwa daktari wa ugonjwa huo, usimpelekee zawadi. Kioo kikali huchosha macho, ni kweli, lakini jicho lililochoka hupumzika likapona, na lisilopona lina ugonjwa. Ugonjwa huu hausubiri Desemba, wala haujali majirani watasema nini. Nanyi wazazi, msiombe ruhusa ya kutibiwa. Foleni ya zahanati haijamwaibisha mtu. Aibu ni ile iliyotupata siku ile uani, tulipomcheka mama aliyekuwa anapofuka mbele yetu.