Vitambaa vya Jowan

"Huyo bwana wako wa minyororo anakuoa lini, we Tamsin?"

"Jumapili, wakishamfungua. Na wewe Dorcas, mdomo wako ndio ungefaa pingu!"

Rafiki yangu Tamsin alikuwa akigombana na mpishi wetu Dorcas jikoni, jioni hiyo. Kama sisi wafungwa sote, alisafirishwa kutoka Uingereza hadi kisiwa hiki kwa kosa la wizi. Yeye aliiba jibini. Mchumba wake Jowan alikuwa akivunja mawe barabarani na pingu miguuni. Tamsin alikata sketi yake nyekundu, akamshonea vitambaa vya kuzungushia vifundo, chuma kisimle nyama. Kimoja kilikuwa kinene zaidi, kikapunguza mlio wa pingu ya mguu mmoja, hivyo mwendo wa Jowan ulijulikana: mlio mkali, kisha mlio wa chini.

Tamsin akaenda kijitoni kuteka maji. Giza lilikuwa limeshaingia msituni. Akasikia mlio mkali, kisha mlio wa chini.

"Jowan, umetoroka? Watakuchapa, mjinga wewe!"

Minyororo ikampita karibu kabisa, ikaelekea jikoni. Akaacha ndoo, akakimbia.

Mlangoni alimkuta askari, kofia mkononi.

"Jiwe lilimwangukia Jowan asubuhi, binti. Tumeshamzika."

"Nimesikia pingu zake sasa hivi!"

"Pingu ni mali ya mfalme, hazizikwi. Kafungwa nazo mfungwa mwingine. Yeye amezikwa na vitambaa vyako tu."

Dorcas alikuwa ameinama kizingitini, ameshika vitambaa viwili vyekundu. Hakucheka.

"Tamsin, mdogo wangu," alisema, "mbona viko hapa, na bado vina joto?"