Mafua ya Stoil na Kifua cha Zlatka

Stoil alikuwa mkata magogo katika milima ya Rodopi. Gogo la kubebwa na wanaume wawili yeye alilibeba peke yake. Lakini asubuhi moja ya baridi alipiga chafya, akarudi kitandani.

"Zlatka! Mke wangu, nakufa."

"Unakufa na nini?"

"Pua imeziba. Waite watoto kutoka mjini Plovdiv, tuagane."

"Watoto wako kazini. Kunywa supu."

"Basi nipe na mkate. Na blanketi lingine. Na dirisha hilo lifunge, upepo unanimaliza!"

Zlatka akalifunga. Naye alikuwa akikohoa, lakini mbuzi walingoja kukamuliwa na kuni zilikuwa zimekwisha. Alitoka, akarudi, akaegemea ukuta kidogo, akaendelea.

"Nipe zile antibayotiki zilizobaki kabatini," Stoil akalia.

Zlatka akaona heri amwite jirani yao Velichka, muuguzi. Velichka akampima joto, akamsikiliza kifua.

"Kaka Stoil, una mafua."

"Mafua tu? Mimi?"

"Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi. Ukizimeza ovyo, siku ukizihitaji hazitafanya kazi. Pumzika, kunywa vya moto. Yataondoka."

"Nani atayafukuza?"

"Mwili wako. Unapigana sasa hivi, wala hujauagiza."

Stoil akaitazama mikono yake kama mara ya kwanza. "Humu ndani?"

Velichka akacheka, akampachika masikioni kile kifaa chake cha kusikilizia kifua. Stoil akasikia pumzi yake ikiingia na kutoka, kama upepo kwenye misonobari.

Ndipo Zlatka akakohoa, akaketi sakafuni.

"Ni uchovu tu," akasema.

Velichka akamsikiliza kwa muda mrefu. Hakucheka tena.

"Nami nisikie," Stoil akasema.

Katika kifua cha mkewe kitu kilichakarika kama chumvi motoni.

"Ni nini hicho?"

"Nahofia ni nimonia. Ana homa kali na anapumua haraka mno. Huyu ndiye wa kupelekwa hospitali, tena sasa."

"Na supu aliyonipikia?"

"Kaipika akiwa hivi hivi."

Stoil akasahau pua yake. Alimbeba mkewe mpaka kwenye gari, taratibu, kama amebeba mayai.

Hospitali walimpa Zlatka antibayotiki, maana nimonia yake ilikuwa ya bakteria. Nyumbani Stoil aliunguza maharage, akapigwa teke na mbuzi, akakamua tena. Zlatka alirudi akiwa na nguvu. Tangu hapo, yeyote akikohoa nyumbani mwao, Stoil huuliza upesi: "Kifua kinauma? Unapumua vizuri?"

Siku moja wenzake mkahawani wakamtania. "Stoil, tulisikia ulikuwa mahututi!"

Stoil hakucheka.

"Mgonjwa hakuwa mimi," akasema polepole. "Mgonjwa alikuwa zizini, anakamua mbuzi."