Kiti cha Khalaf

Zuhair alifika gereji moja mjini Samail baada ya sala ya alasiri kuchukua gari ya marehemu baba yake, na kwa furaha alisahau hata kumsalimia fundi. Aliizunguka tu, anaipapasa ubavuni, anatabasamu peke yake.

Ilikuwa gari ya Kimarekani ya mwaka sitini na tisa, milango miwili, pua ndefu, rangi ya kijani kibichi. Miaka ishirini na minane ililala uani kwao Ibra chini ya turubai, ikifuga paka. Sasa bodi ilikuwa ile ile, lakini ndani kila kitu kipya: injini ya kompyuta, breki za kisasa, kipoza hewa cha kugonganisha meno, na viti vya ngozi vinavyosogea kwa umeme na kukumbuka kimo cha dereva.

"Kitufe cha kwanza ni chako," alisema fundi Adham, Mpemba aliyezaliwa hapo hapo Samail. "Cha pili, yaani... wallahi sijui. Hakuna aliyekipanga, lakini kina mtu wake. Mtu mrefu. Nimekifuta mara tatu, kinarudi."

"Mashine zenu hizo," Zuhair alicheka. "Na kile kiti cha zamani?"

"Cha dereva? Si umesema tutoe vyote? Kimechomwa na takataka. Khalas."

Hapo kicheko kilimpungua. Mama yake, Bi Ghaniya, alikubali gari itengenezwe kwa sharti moja tu: kiti cha dereva kisiguswe. Hakusema kwa nini, na Zuhair hakuuliza, kwa sababu alidhani anajua. Mtaa mzima ulidhani unajua. Mumewe, Khalaf, alikutwa amekufa njiani kwenye bonde la Wadi al-Aqq, gari imesimama kando, injini inanguruma, mlango wazi, na mwilini hana hata mkwaruzo. Alizikwa siku ile ile. Lakini watu wa Ibra wakanong'ona kwamba yule ni mughayyab: mtu anayezikwa mbele ya macho ya watu, kumbe kilichotiwa kaburini ni gogo la mtende, na mwenyewe yu hai, amefichwa na wachawi, wanamtumikisha.

Tangu hapo Bi Ghaniya hakuolewa tena, hakugawa nguo za mumewe, hakuuza gari. Anamngojea, walisema. Zuhair alikuwa na miaka minne baba yake alipofariki. Amekulia ndani ya kungojea kule, na amekuchoka. Alitaka mama yake aione gari mpya, alie siku moja, yaishe. Kile kiti alikiondoa makusudi.

Alipokuwa akitoka Samail, simu ililia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wapi wewe?"

"Ndo natoka."

"Saa hizi? Maghribi itakukuta njiani! Hebu nisikilize. Wadi al-Aqq usisimame. Hata umwone mtu, usisimame. Na kiti wamekiacha?"

"Wamekiacha, mama," alidanganya.

Gari ilikwenda kama inateleza juu ya mafuta. Aliingia njia ya Sharqiya kuelekea Ibra, jua likiwa limeshagusa vichwa vya milima. Kwenye Wadi al-Aqq milima inakaribiana, na kivuli kinakuwahi kabla ya giza lenyewe. Hapo ndipo aliposikia.

Ting.

Taa nyekundu iliwaka mbele yake: mkanda wa abiria haujafungwa. Akageuka. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Hakuwa ameweka hata mfuko wa halua.

Ting... ting...

"Waya hizo," alijisemea, na sauti yake haikumpendeza. Aliweka kiganja juu ya ngozi ya kile kiti. Ilikuwa imebonyea katikati, na ilikuwa na joto.

Kisha ikaja harufu. Kwanza karafuu, kisha udi, harufu ya nguo za baba yake zilizokunjwa kabatini kwa mama. Halafu, chini ya zote mbili, harufu ya tope la zamani, tope la chini ya falaji, mfereji wa maji upitao ardhini, tope ambalo halijapata kuona jua.

Ting ting ting ting.

Kengele ilimwingia kichwani hata akashindwa kufikiri. Akanyoosha mkono, akauvuta mkanda wa kiti kitupu, akaupachika. Kengele ikanyamaza. Naam, ndivyo alivyofanya, mtu mwenye shahada ya uhandisi: alimfunga mkanda abiria asiyemwona.

Mkanda haukulegea. Ulikaza hewani, shibiri nzima mbele ya kiti, kama umezunguka kifua cha mtu.

Na ulikuwa ukipanda na kushuka.

Polepole.

Ukipumua.

Zuhair alisoma Ayatul Kursi, akakosea, akaanza upya. Hakusimama, na hakugeuka tena kulia mpaka Ibra.

Adhana ya maghribi ilikuwa inaanza alipoingia uani. Bi Ghaniya alikuwa mlangoni na chetezo mkononi, tayari kuifukizia gari udi kama wanavyomfukizia bibi harusi. Zuhair akaruka nje.

Nyuma yake akasikia mlio mdogo wa mota.

Zzzzz...

Kiti cha dereva kilikuwa kinarudi nyuma. Hakuna aliyebonyeza kitu. Kilirudi mpaka mwisho, na kioo cha kutazamia nyuma kikajiinua juu, kikajipanga kwa macho ya mtu mrefu. Zuhair ni mfupi kama mama yake. Khalaf alikuwa akiinama kila mlango. Upande wa pili, mkanda wa abiria ukafunguka wenyewe.

Chetezo kilimponyoka Bi Ghaniya, makaa yakatawanyika.

"Zuhair," alinong'ona. "Kiti kiko wapi?"

"Mama..."

"Kiko wapi, mwanangu?"

"Kimechomwa. Nisamehe. Nilitaka upumzike na kumngojea."

Bi Ghaniya alimgeukia.

"Nani alokwambia namngojea?"

Akakaa kwenye baraza, na kwa mara ya kwanza akayasema.

"Siku ya saba baada ya kumzika, maghribi kama hivi, gari ilipiga honi hapa uani. Mbili fupi, moja ndefu. Ndivyo alivyokuwa akiniita tukitaka kutoka. Nikatoka. Kakaa pale kwenye usukani, na kanzu yake, na kilemba chake. Kanifungulia mlango wa pili."

"Alikuwa baba kweli?"

"Sura yake. Mikono yake. Lakini hakupepesa macho, Zuhair. Hata mara moja. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitia mguu mmoja ndani." Alifuta uso kwa ncha ya shela. "Kisha wewe ukalia chumbani. Nikarudi."

Asubuhi yake alimwita mwalimu mmoja, mganga wa kitabu kutoka Bidiya, akatia kago, dawa ya kinga, ndani ya kiti cha dereva, akakishona upya. Asiyeweza kukaa kwenye usukani hawezi kumchukua mtu. Miaka yote hii, alisema, amekuwa akimsikia maghribi akiizunguka gari, hapati pa kukaa.

Zuhair aligeuka kuitazama gari. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, ameushika.

Honi ikalia.

Mbili fupi.

Moja ndefu.

Bi Ghaniya akasimama, akaiweka sawa shela yake. Usoni hakuwa na hofu hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha Zuhair kuliko yote.

"Umekuwa mtu mzima sasa," alisema kwa upole. "Hulii tena."

"Mama, hapana!"

Alimpita mbio, akafungua mlango, akajitupa kwenye kiti cha dereva. Kilikuwa na baridi ya tope. Miguu yake haikuzifikia pedali. Honi ikanyamaza.

Huu ni mwezi wa tatu. Mwalimu wa Bidiya alikufa zamani na siri ya kago lake amekwenda nayo. Zuhair ametoa betri, lakini honi bado inalia. Kuiuza hathubutu, kwa sababu mama yake amekwishamwambia kwamba siku gari itakapotoka, naye atatoka. Basi kila maghribi anakaa kwenye kile kiti mpaka isha, ameushikilia usukani, anasoma, na ile harufu inampumulia shingoni.

Alhamisi iliyopita Bi Ghaniya alitoka akiwa amevaa nguo zake za harusini, amejifukiza, mkoba mkononi. Aligonga kioo kwa ukucha.

"Umechoka, mpenzi," alinong'ona. "Si ungepumzika?"

Zuhair aliinua uso amjibu. Lakini mama yake hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama juu kidogo ya kichwa chake, pale ungekuwapo uso wa mtu mrefu, na alikuwa akitabasamu.