Mkono wa Kakule Kwenye Prado

Haya yalimpata ndugu yangu wa tumbo moja, mchana kweupe, hapa hapa Ndosho, nami nikiwa na mandazi motoni. Asiyetaka kuamini, shauri yake.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Jua, vumbi jeusi, pikipiki zikipigiana honi. Mimi, Apolline, nauza mandazi mbele ya gareji ya Muzee Habiyaremye, na yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, Kakule, alikuwa fundi pale tangu gareji haina hata paa. Giaboksi ya lori la Butembo aliifungua huku anapiga soga. Kisha akaja Edmond.

Edmond alisomea otomatiki Kampala, na Goma ya siku hizi, nani bado anataka gari la kukanyaga klachi? Wateja wakaanza kumpita yaya wangu bila salamu. "Edmond iko?" Basi. Kilichomchoma Kakule zaidi ni vile vitambaa. Edmond hakuwa na haraka ya kufungua kitu. Aliacha injini ikiunguruma, akapitisha gia zote taratibu, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akatazama rangi, akanusa. Vitambaa hivyo nilimpa mimi. Nilivipasua kwenye shuka kuukuu la kufunikia mandazi.

"Hata weye, Apolline," Kakule aliniambia. "Mudogo yangu wa damu."

Nilicheka. Nilidhani ni wivu wa kawaida, ule unaoisha mtu akishiba. Kumbe ulikuwa umeshamla mpaka mifupa.

Muzee alikuwa amechoka na hana mtoto wa kumrithi. Akatangaza kwamba atakayejua ugonjwa wa Prado yake ndiye atakayeachiwa gareji. Prado ile ilikuwa ya otomatiki, na ukiitia gia ya D ilisita kwanza, kisha ikaruka. Yaya wangu alijua kabisa hiyo si kazi yake. Akapanda lori la samaki mpaka Vitshumbi, kwa mganga, akarudi na uzi mweusi. Haya alinieleza baadaye, analia. Aliambiwa aufunge kwenye kitambaa chenye alama ya mkono wa mwenzake, akifiche pale mwenzake anaposhika. Mkono huo hautamrudia mwenyewe.

Siku ya kujaribiwa, Kakule alijikata kidole kwenye bati. Nikampa kipande cha shuka, akajifuta, akakitupa kwenye meza ya vifaa, penye vitambaa vya Edmond, akafunga plasta. Wenzake walipokuja kwangu kunywa chai, yeye akarudi mezani. Mafuta ya otomatiki ni mekundu, hilo alikuwa amelisikia. Kati ya vitambaa vyote akachagua kimoja chekundu, akakifunga uzi, akakisokomeza chini ya kishikio cha gia cha Prado.

Edmond akaingia wa kwanza. Kakule alisimama karibu yangu, nikasikia pumzi yake imekatika. Edmond akashika kishikio. P. R. N. D. Hakikutokea kitu. Akashuka, akafuta kijiti, akamwonyesha Muzee kitambaa. Kilikuwa cheusi, kinanuka kuungua.

"Mafuta imeungua, muzee. Filtre nayo imejaa uchafu. Lakini boîte ya gia yenyewe ingali muzima."

Akazima injini, akampa Muzee ufunguo.

"Na weye, Kakule," Muzee akasema. "Ingia, utuambie."

Angekataaje mbele ya watu wote? Akaingia. Akaweka mkono.

Kishikio kikasogea chenyewe.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Muzee. Injini imezimwa. Kishikio kikaenda R. Kikaenda N. Kikaenda D. Mkono wa yaya wangu ukakifuata. Gari likaanza kutambaa. Polepole. Kuelekea ukuta wa mawe. Mafundi wakalizuia kwa mabega, likawasukuma. Nikaacha mafuta motoni, nikafungua mlango, nikakimbia nalo sambamba.

"Toa mukono, yaya!"

"Haitoki," akanong'ona. "Kitambaa. Chini pale. Toa ile kitambaa, Apolline."

Nikaingiza vidole. Kulikuwa na joto. Kulikuwa na majimaji. Nikavuta. Gari likasimama, pua imegusa ukuta.

Kitambaa kilikuwa kimelowa, kinadondosha wekundu mbichi kwenye kanga yangu. Nikakinusa. Hayakuwa mafuta. Mafuta ya Prado ile yalikuwa meusi, sote tuliyaona. Yanakuwa mekundu yakiwa mazima tu. Edmond angemweleza hivyo kama Kakule angemuuliza, lakini mwenye wivu anaulizaje? Nikatazama plasta kidoleni mwa yaya wangu. Naye akaitazama. Sijawahi kuona uso ukizeeka haraka vile.

Gareji sasa ni ya Edmond. Prado ilipona kwa mafuta mapya na filtre mpya, na Muzee akamwachia nayo. Kakule yuko kwangu, nyuma ya gareji. Mkono wake wa kulia umelala mapajani, vidole vimekunjwa, baridi kama jiwe la mtoni. Daktari alipima, hakuona kitu. Roho inaniuma, na bado namkasirikia.

Edmond hatusahau, hutuletea sukari, na wema huo ndio unaomtesa yaya wangu kuliko yote. Juzi Edmond alinivuta pembeni. Akanong'ona kwamba kila asubuhi anakuta kishikio cha Prado kina joto, hata gari likilala nje kwenye mvua. Joto la kiganja. Alibadilisha ngozi ya kishikio, joto likarudi.

Jana nilikuwa namlisha Kakule uji. Kutoka pale anapokaa haoni gareji, anaona ukuta tu. Nikasikia mlango wa Prado umefungwa, injini imewaka. Edmond alikuwa anatoka. Vidole vile baridi vikakaza mapajani.

"Apolline," yaya wangu akanong'ona. "Ananikamata tena."