Maelezo Ndani ya Picha ya Seremala

Kila siku nikitoka shule nilipitia studio ya picha ya mama, nikatupa mkoba chini ya meza na kuketi mbele ya kompyuta. Shule yetu ilikuwa imempa mama picha sitini za zamani azihifadhi kwenye kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya kila picha: nani yumo, anafanya nini, mwaka gani. Maelezo hayo huingia ndani ya picha yenyewe. Popote inapofunguliwa au kuchapishwa, yanatokea chini yake.

Aliyenitajia watu ni jirani yetu, mwalimu mstaafu wa shule hiyo. Mzee alikumbuka kila sura, ila hadithi zake hazikuwa na breki. Picha moja ilimchukua nusu saa nzima. Siku ya mwisho rafiki zangu walikuwa uwanjani wakinisubiri tucheze netiboli, na bado zilibaki picha saba.

"Tumemaliza, Babu," nikamwambia bila haya.

"Tayari? Hongera, mjukuu wangu," akasema, akachukua fimbo yake na kwenda zake.

Zile saba nikazijazia mambo ya kichwani mwangu. Mwanamume aliyesimama na mbwa nikamwandikia: "Mlinzi wa shule na mbwa wake." Mama aliposikia kazi imekwisha, akayafunga maelezo yote kwa nywila yake ili yasiguswe tena, akaipelekea shule nakala. Mimi huyoo, uwanjani!

Wiki iliyofuata bibi mmoja aliingia studio. Nilikuwa chumba cha nyuma chenye printa, kichumba kisicho na dirisha, na mlango wake wa pekee unatokea kaunta.

"Chiriku!" mama akaniita kwa jina langu la utani. "Mchapie bibi ile picha ya mwanamume na mbwa. Ni marehemu mume wake, seremala aliyetengeneza madawati yenu yote."

Haraka nikabadilisha jina la faili, nikaandika "Seremala" nikidhani na maelezo yatabadilika, nikachapa. Karatasi ikatoka taratibu, na chini yake: "Mlinzi wa shule na mbwa wake." Nikajaribu kuyafuta maneno yale, kompyuta ikadai nywila. Nikajaribu tena, ikadai tena.

"Mbona kimya huko? Umelala?" mama akauliza.

Sikuwa na pa kupitia. Nikatoka na karatasi yangu. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Ndiye. Hata shati hilo nilimshonea mimi," akasema. "Na haya maandishi yanasemaje? Mimi sikusoma, mjukuu wangu. Nisomee."

Ningeweza kumsomea lolote. Mama alikuwa upande wa pili wa kaunta, haoni karatasi. Lakini nikaiwazia picha ile ukutani kwa bibi, wageni wakisoma uongo wangu, naye akitabasamu bila kujua. Nikaogopa kusema, nikaogopa zaidi kunyamaza.

"Yanasema alikuwa mlinzi wa shule," nikajibu, machozi yakinitoka. "Niliyabuni, Bibi. Sikuuliza. Nilitaka kwenda kucheza."

Mama akaweka kalamu chini.

"Mlinzi!" bibi akacheka. "Mtu aliyelala usingizi wa kukoroma paa likatetemeka, angelinda nini?" Kisha kicheko kikakatika. "Lakini umeniumiza, mjukuu wangu. Vidole vyake viwili vilikatwa na msumeno akitengeneza madawati hayo. Leo awe mlinzi?"

Nilimwomba radhi nikilia. Mama hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliyafungua maelezo kwa nywila yake, bibi akataja maneno, nami nikayaandika kama alivyoyataja. Jioni nilimwendea mwalimu mstaafu, nikakiri, nikazirudia picha sita zilizobaki bila kumharakisha. Kesho yake nilisimama mbele ya mwalimu mkuu kumwomba anirudishie nakala tulizompelekea, kwa kuwa nazo zilikuwa zimebeba makosa yaleyale.

Niliporudi, mama alinikalisha karibu naye.

"Mwanangu," akasema, "picha haichagui la kusema. Ulichokiweka ndani yake ndicho itakachokisema kila iendako, hata siku ambayo wewe hupo kusahihisha. Usipojua, uliza. Ukichoka, sema umechoka. Ila usimwandikie mtu maisha ambayo hakuyaishi."