Hadithi ya Upande wa Kivuli

"Sogeeni, sogeeni, kivuli kinatosha wote! Bwana harusi, mwachie bibi harusi mkono kidogo, hapa hakimbii mtu. Ila zamani alikimbia mmoja, na alipitia dirisha lile."

Wageni wakageuka. Lilikuwa dirisha dogo la stoo, nyuma ya jumba la ghorofa ambamo enzi za ukoloni alikaa Bwana Mkubwa wa wilaya. Aliyekuwa akisema ni mwongoza wageni, dada mrefu mwenye kofia pana, ambaye mji mzima ulimwita Redio. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Ni kwamba akishawashwa asubuhi, mpaka jioni hazimwi.

"Humu alifanya kazi binti wa kupiga pasi," akaendelea. "Pasi ya mkaa, siyo hizi zenu za kuchomeka ukutani. Akapendana na tarishi wa posta. Bwana Mkubwa akasema hapana, mpiga pasi wangu haolewi. Mnadhani binti alilia?"

"Hakulia!" akajibu bibi harusi. Yeye na mumewe walikuwa kwenye fungate, na wamevaa fulana za rangi moja ili wasipoteane.

"Hata chozi! Alifunga nguo zake kwenye shuka, akapanda meza, akatoa kichwa dirishani. Mabega yakapita. Kiuno kikapita. Halafu..." Redio akashika nyonga zake mwenyewe. "Halafu mzigo wenyewe ukagoma! Kichwa nje, makalio ndani, tarishi anavuta huku, mpishi anasukuma kule!"

Wageni wakaangua kicheko. Bwana harusi alicheka mpaka akakohoa.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa mama wa makamo mwenye mwavuli mweusi, ambaye tangu ziara ianze alikuwa kimya akisikiliza kila neno.

"Binti," akasema, "nani amekuambia alitokea dirishani?"

"Nimesimuliwa na mtu wa familia yao kabisa, mama."

"Na huyo mtu alikutajia dirisha?"

Hapo Redio akasita, jambo lisilo la kawaida. Ukweli ni kwamba aliyemsimulia alikuwa mchumba wake, fundi chokaa anayekarabati majengo ya kale ya mji huo. Naye alimwambia maneno machache tu: bibi yake alipiga pasi kwenye jumba hili, siku moja akaacha kazi akaenda kuolewa na tarishi. Basi. Lakini mbele ya jumba asubuhi jua linachoma, na mgeni anayetokwa jasho hasikilizi. Kivuli kiko nyuma, na nyuma hakuna kingine cha kuonyesha isipokuwa dirisha la stoo. Ndivyo hadithi ilivyopata dirisha. Makalio yalikuja baadaye, na kila wiki yalizidi kunenepa.

"Hapana, mama," akasema. "Dirisha ni langu. Nimeliongeza mimi."

"Umeliongeza kwa nini?"

"Kwa sababu huku ndiko kwenye kivuli."

Wageni wakacheka tena, safari hii kwa wasiwasi. Mama akafunga mwavuli wake.

"Yaani umemkwamisha mama yangu mzazi dirishani, watu wamcheke, kwa ajili ya kivuli?"

Redio akapiga hesabu haraka. Kama mpiga pasi ni mama yake huyu, basi huyu ni mama yake fundi. Mama mkwe! Yule ambaye walipanga amwone wiki ijayo. Asubuhi hiyo hiyo fundi alikuwa amemtumia ujumbe: "Mama akija uvae lile gauni la bluu. Na usiongee sana." Naye akamjibu: "Nisiongee sana? Unajua kweli unamuoa nani?"

Mwingine angepiga magoti, au angesingizia simu na kutoweka. Redio alivua kofia.

"Mama, nimekukosea, na yeye nimemkosea zaidi. Lakini watu hawa wameusikia uongo kinywani mwangu, haifai waondoke nao. Tuambie alitokea wapi."

"Kule mbele."

"Basi twende mbele. Jamani, vaeni kofia, tunaingia juani!"

Mbele ya jumba nguzo zilikuwa zimezungukwa na jukwaa la mafundi. Juu kabisa, mwiko mkononi, alisimama fundi mwenyewe, akilainisha chokaa. Akatupa jicho chini. Akamwona mchumba wake. Akamwona mama yake. Akajishikilia kwenye nguzo.

Mama hakumtazama. Aliweka kiganja kwenye mlango mkubwa wa mbao.

"Mlango huu ulikuwa wa wageni. Wafanyakazi walipita nyuma, na ukionekana huku unafukuzwa. Siku hiyo Bwana Mkubwa alikuwa na watu mezani. Mama yangu aliweka pasi chini, akavua aproni, akapita ukumbini katikati yao, watu na vijiko vyao mkononi. Bwana Mkubwa akamuuliza, unakwenda wapi? Akamwambia, ninakwenda kuolewa, na shati lako moja bado halijanyooka. Akaufungua mlango huu kwa mkono wake. Hakukimbia. Alitembea mpaka pale barabarani, na baba yangu alikuwa pale na sare yake ya posta."

Bibi harusi alijifuta macho kwa fulana ya mumewe.

"Hii ni nzuri kuliko yangu," Redio akasema taratibu.

"Ni ya kweli."

"Naam. Kuanzia leo nitaisimulia hapa hapa, juani. Asiyetaka jua akae hotelini."

Kwa mara ya kwanza uso wa mama ulilegea kidogo. Halafu akainua mwavuli, akauelekeza juu kabisa ya jukwaa.

"Na wewe uliyejibanza huko, shuka!"

Fundi alishuka polepole, kama mtu anayeomba ngazi irefuke. Chokaa ilikuwa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama. Tulisema wiki ijayo..."

"Marahaba. Nimekuja mapema nimwone mkwe wangu kabla hamjampamba. Uliniambia ni mwalimu wa historia chuoni. Nimeuliza chuo, nikataja jina lake, mwenye duka amecheka mpaka ameshika kaunta. Akaniambia, huyo mwalimu wako kata tiketi utamkuta anatembeza wageni."

Redio akageuka kumtazama mchumba wake.

"Mwalimu wa chuo?"

"Nilikuwa nangoja wakati mzuri wa kumwambia," fundi akasema. "Mama mwenyewe husema waongoza wageni ni waongo, wanauza maisha ya watu."

"Nasema hivyo," mama akakiri. "Na leo nimesikia kwa masikio yangu."

"Mimi niliwadanganya wageni," Redio akasema, "na mama amenisahihisha, nimesahihika. Wewe umemdanganya mama yako mzazi kuhusu mimi. Sasa kati yetu nani muongo?"

"Nilitaka akupende kwanza."

"Angempenda nani? Huyo mwalimu simjui! Kazi hii ndiyo iliyonilea, ndiyo iliyotukutanisha. Ulinipenda nikiwa natembeza watu jua kali, sauti imenikauka. Kumbe ukifika nyumbani kwenu unanifuta?"

"Si hivyo, mpenzi..."

"Ni hivyo hivyo. Mimi siingii kwenu kwa kazi ya mtu mwingine." Akavaa kofia. "Wageni wangu, samahani, hayo yalikuwa nje ya tiketi. Tunaelekea gerezani."

Na kweli wakaenda. Aliwaonyesha chumba cha gereza la zamani ambamo wafungwa walihesabu siku kwa kukwaruza ukuta. Aliwapandisha mnara wa saa, wakaona mapaa yote ya mji na reli iliyokufa. Sauti yake haikutetemeka, lakini roho ilikuwa inamuuma kweli kweli. Alimpenda yule mwanaume. Alikuwa amekwisha kujiona naye, nyumba moja, viatu vyake vya chokaa mlangoni. Na sasa hakujua kama ataolewa au ndiyo imetoka.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alipowaacha wageni wapige picha, akasoma.

"Pokea simu basi."

"Niko kazini," akaandika.

"Nimekosea. Nakupenda."

"Najua. Yote mawili."

"Nifanye nini?"

Akarudisha simu mfukoni, akawaita wageni.

Ziara iliishia posta ya kale, ambayo siku hizi ni mkahawa. Kaunta ya stempu bado ipo, ila inauza chai. Wageni walipotawanyika mezani, mama mwenye mwavuli alikwenda kusimama kwenye kaunta ile, akaipapasa. Redio akamfuata na vikombe viwili.

"Baba alikuwa anachukulia barua hapa," mama akasema.

"Nilijua posta, sikujua kaunta. Asante, mama. Kaa upumzike."

Wakakaa. Mama akapuliza chai yake.

"Sitakuficha. Nilikuja kukupima."

"Na umeona nini?"

"Nimeona unaongea mno."

"Hilo hata redio yenyewe inajua."

Mama akacheka, akajaribu kuuficha mcheko nyuma ya kikombe, ukamshinda.

"Nimeona pia ukikosea unasema nimekosea, tena mbele ya watu. Mwanangu bado hajalijua hilo. Tangu mdogo akivunja sahani anazika vipande. Labda ni mimi, nilikuwa mkali sana." Akamtazama usoni. "Bado unamtaka?"

"Namtaka, mama. Namtaka mpaka najionea huruma. Lakini namtaka asinionee haya."

"Na mimi hukuniogopa?"

"Nimekuogopa sana. Nilikuwa na wageni tu, sikuwa na nafasi ya kutetemeka."

Simu ikalia. Jina la fundi kwenye kioo.

"Mjibu," mama akasema. "Asije akaanguka jukwaani."

Redio akapokea.

"Haloo?"

"Uko na mama? Anasemaje? Nije hapo?"

"Usije. Niambie kitu kimoja. Muda wote huu tuliokuwa pamoja, umewahi kutembea ziara yangu?"

Mwiko ulisikika ukiwekwa chini.

"Sijawahi."

"Jukwaa lako liko hapo hapo, kila asubuhi napita chini yako, na hujawahi hata kushuka unisikilize. Kesho uje. Ukate tiketi kama wenzako, utembee na mimi mwanzo mpaka mwisho. Baada ya hapo ndiyo tuzungumze kama kuna ndoa."

"Nitakuja."

"Haya. Rudi kazini, chokaa itakauka."

Kesho yake asubuhi fundi alikuwa wa kwanza getini, amevaa shati jeupe. Mafundi wenzake walimpigia miluzi kutoka juu ya jukwaa, akavumilia. Dakika chache baadaye akaja mama na mwavuli wake.

"Mama, na wewe tena?" Redio akauliza.

"Nimekuja kukagua."

Hata wale wa fungate walirudi, eti wamesahau kupiga picha ya mlango. Nani aliwaamini? Walikuja kuona mwisho.

Redio aliwapeleka moja kwa moja mbele ya jumba, juani. Akasimulia pasi ya mkaa, aproni, ukumbi, watu na vijiko vyao, shati ambalo halijanyooka. Hakuongeza hata chembe ya chumvi. Mama alitikisa kichwa kukubali kila sentensi, na sare ya posta ilipotajwa akatazama pembeni.

"Kuna swali?" Redio akauliza.

Mkono ukainuka nyuma. Ulikuwa wa fundi.

"Uliza, mgeni."

"Sina swali, nina la kuongeza." Akasogea mbele, mikono imekosa pa kukaa. "Mpiga pasi alikuwa bibi yangu. Jukwaa hilo mnaloliona ndiyo kazi yangu. Na huyu anayewatembeza ni mchumba wangu. Ni mwongoza wageni. Nilimwambia mama yangu ni mwalimu wa chuo, kwa sababu niliona haya. Leo nimemsikiliza kwa mara ya kwanza, na haya ninayoiona sasa ni ya kwangu mwenyewe."

Juu ya jukwaa miluzi ilikoma. Fundi akamgeukia mama yake.

"Mama, huyu ndiye ninayetaka kumuoa. Anaongea kutwa nzima, na ndiyo kazi yake, na hakuna anayemshinda mji huu."

"Nimekusikia," mama akajibu. "Sasa si umuulize yeye? Mimi sikuja hapa kuolewa."

Watu wakacheka, fundi naye akacheka, macho yamelowa. Akasimama mbele ya Redio, jua linawapiga wote wawili usoni.

"Utanikubali?"

Redio alikuwa amejiandaa usiku kucha kumkatalia kama angeleta maneno ya chini chini, ya pembeni, ya wakati mzuri. Hakuleta. Alisema yote mchana kweupe, mbele ya mafundi wenzake na watu asiowajua.

"Nimekukubali," akasema. Kisha akamgeukia mama. "Leteni posa Jumamosi, mama, nyumbani wataandaa chai. Ila mje mchana."

"Asubuhi kuna nini?"

"Asubuhi nina wageni."

Mama akafungua mwavuli, akamfunika mkwe wake.

"Basi tutakuja mchana," akasema.